Zipu ya megabaiti 11

Simu iliita saa mbili usiku. Saa hizo huwa sipokei simu za kazi, ila hii ilikuwa ya mwalimu wa cherehani, na yule mama usipompokea usiku atakukumbusha asubuhi mbele za watu. Nikapokea, nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Ule ukurasa wako unawamalizia wanangu bando."

Nikalisikia neno lililobadilika. Wiki iliyotangulia, tulipouzindua kwa soda na kashata, ulikuwa ukurasa wetu.

Anafundisha ushonaji katika chumba cha kupanga hapa Tanga. Wanafunzi wake wengi si wa mjini: wanatoka Muheza, Pangani, wachache Lushoto kule milimani, wanakaa miezi michache kisha wanarudi kwao. Shida yake ni ile ya kila anayefundisha kazi za mikono. Mwanafunzi akifika nyumbani, mkono unasahau. Basi anapigiwa simu aelezee zipu kwa maneno, na zipu haielezeki kwa maneno. Akaniomba ukurasa wenye hatua 11, kila hatua na picha yake inayotembea: kutunga uzi, kuvalisha bobini, kukunja pindo, kuweka kola, hadi hiyo zipu.

Nilimrekodi mwenyewe kwa simu yangu, nikiwa nimesimama nyuma ya bega lake, kisha nikageuza kila kipande kuwa GIF. Sikufikiria mara mbili. GIF unaiweka kwenye ukurasa kama picha ya kawaida, inaanza kutembea yenyewe, ikifika mwisho inarudia, haina kitufe wala haihitaji maelezo. Ofisini kwangu, kwenye intaneti ya waya, hatua zote 11 zilikuwa zinacheza kabla sijashusha kikombe cha chai. Nikajipongeza.

Baada ya ile simu nilifanya nilichopaswa kufanya kabla ya soda na kashata. Nilizima Wi-Fi, nikachukua simu ya bei ya chini kabisa tuliyo nayo nyumbani, nikaweka bando, nikafungua ukurasa. Hatua ya kwanza ilitokea nusu ikakwama. Mkono wa mwalimu ukawa unasogea kidogo, unasimama, unasogea, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Simu ikapata joto. Nilipoangalia matumizi ya data, ukurasa mmoja ulikuwa umekula MB 84. GIF ya zipu peke yake ilikuwa na MB 11.2, kwa sekunde sita za video isiyo na sauti.

Naomba nikae kidogo kwenye hesabu hiyo, maana ndiyo iliyonifungua macho. Picha ile ilikuwa na upana wa pikseli (zile chembe ndogo zinazounda picha) 640 na kimo cha 360, yaani pikseli 230,400. GIF hutunza kila pikseli kama namba inayoonyesha rangi katika orodha ya rangi zisizozidi 256, kwa hiyo kila fremu, yaani kila picha moja katika mfululizo, kabla ya kubanwa ni kama KB 230. Fremu 15 kwa sekunde, kwa sekunde sita, ni fremu 90. Zidisha, unapata karibu MB 21. Ubanaji wa GIF ulikuwa umejitahidi kuupunguza mzigo hadi karibu nusu, na hapo ukaishiwa nguvu.

Unaishiwa nguvu kwa sababu haukuundwa kwa ajili ya mkono wa fundi. GIF ilitoka kampuni ya CompuServe huko Marekani mwaka 1987, chini ya Steve Wilhite na wenzake, enzi za modemu za simu ya mezani, kwa picha zenye rangi chache zilizotulia: ramani, michoro, nembo. Ubanaji wake, unaoitwa LZW, hutafuta mfululizo wa pikseli unaojirudia ukauandika kwa kifupi. Ukimpa mchoro wenye uwanja mweupe mtupu, anafurahi. Ukimpa ngozi ya mtu, kivuli cha dirisha na kitenge, hakuna kinachojirudia. Tena kwa kuwa rangi 256 hazitoshi kuchora ngozi, programu ya kutengeneza GIF hunyunyiza nukta za rangi tofauti ili jicho lidhani limeona rangi ya katikati, na nukta hizo ndizo zinazovuruga kabisa ule mfululizo. Yaani ukiipamba, unaifanya iwe nzito zaidi. (Wilhite, aliyefariki mwaka 2022, alisisitiza kwamba hutamkwa "jif". Sisi ofisini tunasema "gifu", na sioni dalili ya kuacha.)

Kodeki za video, yaani mbinu za kuibana na kuifungua, zinaenda kwa njia nyingine. H.264, ile iliyomo ndani ya faili nyingi za video za MP4, huchora fremu moja nzima, kisha fremu zinazofuata inaeleza tu kilichohama: kipande hiki cha mkono kimesogea pikseli tatu kulia, ukuta uko palepale. GIF nayo inaweza kuacha sehemu isiyobadilika bila kuiandika upya, nisiisingizie. Lakini haijui kusema "kimesogea". Na mimi nilirekodi kwa mkono unaotetemeka, kwa hiyo hata ukuta ulikuwa unacheza, kila fremu ikawa mpya kwake.

Basi nikaamua: GIF zote zinatoka, inaingia video. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua majuma matatu, kwa sababu yale mambo ambayo GIF huyafanya bila kuambiwa, video huyafanya kwa kuombwa, moja baada ya jingine.

Kosa la kwanza lilikuwa la uvivu. Nilizichukua GIF zenyewe nikazigeuza kuwa MP4 kwa ffmpeg, programu ya kugeuza video, kwa sababu ndizo zilizokuwa mkononi. Zipu ikashuka kutoka MB 11.2 hadi MB 1.3, nikaona nimemaliza. Ila ile video ilikuwa na chunusi. Zile nukta zilizonyunyizwa zilikuwa bado zimo, na kodeki ya watu ilikuwa inahangaika kuzieleza kana kwamba ni sehemu ya kitambaa. Nilipotafuta rekodi za mwanzo nikapata nane. Tatu nilizifuta mwenyewe simu ilipojaa, nikiwaza kwamba GIF ipo, ya nini tena ile kubwa. Zipu kutoka kwenye rekodi ya mwanzo ilitoka na KB 540, safi kuliko ile ya MB 1.3. Tatu zilizopotea ilibidi nirudi kumwomba mwalimu azishone upya.

Alinipokea kwa uso wa mtu anayedai. Safari hii nilikwenda na stendi ya simu, na nikamwomba atumie kitambaa cha rangi moja badala ya kitenge chenye maua. Akaniuliza kama maua nayo yanakula bando. Nikamwambia ndiyo, mama, yanakula, na mkono wangu ukitetemeka unakula zaidi. Alicheka hadi akaweka mkasi chini. Tangu siku hiyo huwaambia wanafunzi wanaomtumia picha za kazi zao: weka simu mezani, usinitetemeshee. Na kitambaa cha rangi moja, anasema, kingefaa tangu mwanzo, maana uzi wa rangi tofauti unaonekana vizuri juu yake.

Nyumbani, ffmpeg ikakataa vipande viwili. Nilikuwa nimevikata kwa jicho na kimo kikatoka namba witiri. Kwa mpangilio wa rangi unaochezwa na simu karibu zote, pikseli nne, mbili kwa mbili, hugawana taarifa moja ya rangi, kwa hiyo upana na kimo vyote lazima vigawanyike kwa mbili. Nikapunguza pikseli moja, ikakubali. Mgawano huo wa rangi una gharama yake pia, maana hatua mbili nilikuwa nimeziandika maelezo kwa herufi nyekundu juu ya kitambaa cheupe, na kwenye video kingo za herufi zikawa kama zimelowa. Mwangaza hutunzwa kwa kila pikseli, rangi haitunzwi hivyo, na nyekundu ndiyo huumia kwanza. Nikaweka herufi nyeupe zenye ukingo mweusi.

Jambo la sauti linanichekesha hadi leo. Niliagiza video ichezwe bila sauti, nikaridhika. Baada ya siku kadhaa ndipo nikagundua kwamba sauti ilikuwa imezimwa tu, haikuondolewa. Ndani ya kila faili ilikuwamo redio ya mwalimu. Kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, sekunde sita za sauti ni KB 96, juu ya picha ya KB 540. Tulikuwa tunasafirisha taarabu hadi Lushoto kwa bando la wanafunzi, na hakuna aliyekuwa anaisikia. Neno moja fupi kwenye amri ya ffmpeg, -an, likaitoa.

Kisha ikaja zamu ya kuifanya video ijiendeshe kama GIF. Ukiiweka ilivyo, inakaa kimya ikisubiri kubonyezwa. Unaiongezea neno autoplay kwenye msimbo wa ukurasa, inakataa kwa sababu vivinjari haviruhusu video yenye sauti ianze yenyewe, na kwa kweli vina haki. Unaongeza muted, inakubali. Unaongeza loop ili irudie. Kwenye iPhone unaongeza na playsinline, la sivyo video inajaza kioo kizima na kumtoa msomaji kwenye maelezo aliyokuwa anayasoma. Kabla ya mwaka 2016, iPhone haikuruhusu hata hivyo, ndiyo maana watu wengi wa rika langu tulizoea GIF na hatukurudi kuangalia kama mlango umefunguliwa.

Na bado dada mmoja mwenye iPhone akaniambia kwake ni mraba mtupu. Hili lilinifanya nikeshe siku mbili. Safari, kivinjari cha iPhone, huomba kwanza kipande kidogo cha faili, baiti chache tu, ione kama seva inaelewa kutoa kwa vipande. Seva yetu ya bei nafuu haikuwa inaelewa. Ikiombwa kipande, inamwaga faili zima, na Safari inageuza uso. Kwa GIF hakuna anayeulizwa swali kama hilo. Nikahamisha mafaili kwenye seva nyingine na mraba ukajaa. Wiki iliyofuata yule yule dada akaniambia sasa inaonekana lakini haiendi. Betri yake ilikuwa inakaribia kuisha, na simu ikiwa katika hali ya kubana chaji Safari haianzishi video yenyewe. Hapo sikuwa na la kurekebisha.

Kuna na hili la faharasa. MP4 ina orodha ndani yake inayoeleza kila fremu iko wapi, na kwa kawaida programu huiandika mwisho wa faili, baada ya kumaliza kazi, kama mhasibu anayejumlisha jioni. Kwenye mtandao mzuri huoni tofauti. Kwenye mtandao wa milimani, simu inabaki inazungusha duara ikisubiri mwisho wa faili ufike ndipo ijue pa kuanzia. Kuna agizo la kuihamishia mwanzo, faststart, halipunguzi hata baiti moja, ila kwa mtu wa Lushoto lilikuwa tofauti kubwa kuliko yote niliyofanya wiki hiyo.

Nilijaribu pia kujifanya wa kisasa. Niliweka WebM, aina nyingine ya faili la video, yenye kodeki ya VP9 mbele na MP4 nyuma yake, kwa kuwa VP9 ilinipa mafaili madogo zaidi. Kivinjari huchukua cha kwanza kinachoweza kukicheza, hakiulizi kama kitakicheza kwa raha. Ile simu yetu ya bei ya chini ilikichukua, na kwa kuwa ilikuwa inakifungua kwa nguvu ya prosesa, ikawa moto kama wakati wa GIF. H.264 ina sehemu yake maalumu ndani ya chipu za simu nyingi, hata za bei rahisi. Nikaondoa WebM. Na AV1, kodeki iliyotoka mwaka 2018 na inayobana zaidi ya zote hizo, sikuigusa kwa sababu hiyohiyo. Nikapata faili nzito kidogo na simu baridi. Kwa mtu mwenye simu ya kisasa hesabu itakuwa nyingine.

Nilipompelekea mwalimu ukurasa mpya, hatua 11 zote zikicheza zenyewe, jumla karibu MB 6 badala ya 84, nilitegemea sifa. Aliutazama muda mrefu, akaushusha na kuupandisha.

"Mwanangu, mbona mikono yote inacheza kwa pamoja? Mimi kichwa kinaniuma."

"Si ndivyo ilivyokuwa mwanzo, mama?"

"Na mwanzo kiliniuma. Nilidhani ni macho yangu. Halafu huyu binti anataka zipu tu. Kola ya nini?"

Nilikuwa nimekesha majuma matatu nikiilazimisha video ijifanye GIF, na aliyeniagiza kazi hakuwahi kuitaka GIF. Alitaka mwanafunzi aone zipu. Ni mimi niliyependa ule wepesi wa kuweka na kuondoka. Hata miongozo ya ufikivu ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inasema kitu kinachotembea chenyewe zaidi ya sekunde tano sambamba na maudhui mengine lazima kiwe na njia ya kukisimamisha, na GIF haina. Niliwahi kuusoma mwongozo huo nikaupita, nikidhani unawahusu watu wa mbali.

Nikavua autoplay yote niliyokuwa nimeihangaikia. Sasa kila hatua ni picha tuli iliyochaguliwa na mwalimu mwenyewe, ile dakika ambayo sindano inaingia, na video haipakuliwi hata baiti moja hadi uiguse. Ukurasa unafunguka kwa KB 300 hivi. Anayetaka zipu analipia zipu.

Kugusa tena kunaisimamisha. Hili sikulitilia maanani hadi nilipokaa darasani siku moja. Binti alikuwa na kitambaa chini ya mguu wa cherehani, simu imeegemea kopo la vifungo, akigonga kioo kwa ncha ya kidole cha mwisho kwa sababu vingine vimeshika zipu. Anagonga, anatazama, anashona kidogo, anagonga. Na GIF angesubiri mzunguko urudi kila akikosa kuona. Mwalimu akaomba pia iende polepole, nikaongeza kitufe cha nusu mwendo. Kwa fremu 15 nusu mwendo ulikuwa unarukaruka, nikarudi kwenye rekodi nikatoa upya kwa fremu 30. Kwenye GIF kuongeza fremu mara mbili kungekaribia kuongeza uzito mara mbili. Kwenye video, zipu ilipanda kutoka KB 540 hadi 640.

GIF moja imebaki. Ni ya barua pepe ya kutangaza muhula mpya, kwa kuwa programu nyingi za barua pepe hazichezi video ndani ya ujumbe. Ina fremu tatu, rangi nane, na neno KARIBUNI. Fremu ya kwanza ina tangazo zima, kwa ajili ya wale ambao programu zao huonyesha hiyo tu.

Kilichofuata sikukitarajia. Wanafunzi walizipakua zile video wakaanza kuzitumiana kwa WhatsApp, simu kwa simu, hadi kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga darasa lile. Wakati wa GIF hakuna aliyejaribu, na hata angejaribu, WhatsApp yenyewe huigeuza GIF kuwa MP4 kabla ya kuituma. Miaka yote tuliyokuwa tunatumiana "gifu" za kuchekesha, tulikuwa tunatumiana video. Idadi ya wanaofungua ukurasa ikaanza kushuka, nami ndiye niliyekuwa nimejisifu kwa mwalimu kwamba nitamwonyesha idadi inapanda. Nikamweleza nikiwa na aibu kidogo.

Hakuona tatizo. Alichotaka ni jina la darasa na namba yake ya simu viandikwe kwenye kona ya kila video, ili anayeipata Handeni ajue imetoka kwa nani. Nikafungua diski ambayo sasa rekodi zote 11 za mwanzo zimo, nikaanza kuzitoa upya moja moja.

"Iandike kwa nyekundu," akasema, "ionekane."

Nikamwambia nyekundu hapana, mama, nikavuta kiti nimweleze kwa nini.